San Onofre: mtungi ulioning'inia na jopo lisilo na mamlaka

Kituo cha nyuklia kinapozimwa, waandishi wengi hufunga daftari. Umeme umekoma, waandamanaji wamerudi makwao, habari imekwisha. Kwa San Onofre, kituo kilicho ufukweni kusini mwa California kati ya Los Angeles na San Diego, mambo mazito zaidi kwa raia wa kawaida yalikuja baada ya kuzimwa: nani alipe, fueli iliyotumika iwekwe wapi, na nani ana haki ya kuambiwa kazi inapokwenda mrama. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha, wazi kuliko vingine ninavyovijua, kwamba kuwasikiliza wananchi ni jambo moja na kuwaachia wasimamie ni jambo jingine kabisa.

Kituo kilikuwa na vinu vitatu. Cha kwanza kilifanya kazi kuanzia 1968 hadi 1992. Cha pili na cha tatu vilianza kuuza umeme mwaka 1983 na 1984, kila kimoja kikiwa na uwezo wa takriban megawati 1,100. Mmiliki mkuu ni kampuni ya umeme ya Southern California Edison, yenye karibu asilimia 78; San Diego Gas & Electric ina asilimia 20. Ardhi si yao. Ni ya jeshi la majini la Marekani, ndani ya kambi ya Camp Pendleton, na wamepangishwa. Mbele kuna mawimbi yanayopendwa na wachezaji wa mbao za majini, nyuma inapita reli na barabara kuu, na zaidi ya watu milioni 8 wanaishi ndani ya kilomita 80.

Kilichoua kituo ni ukarabati uliokusudiwa kukirefushia maisha. Edison ilibadilisha mitambo ya kuzalisha mvuke katika vinu vyote viwili na kufunga mipya iliyotengenezwa na Mitsubishi Heavy Industries. Tarehe 31 Januari 2012, bomba moja jembamba ndani ya mtambo mpya wa kinu cha tatu lilivuja na mionzi kidogo ikatoka. Ukaguzi ulionyesha kwamba maelfu ya mabomba yalikuwa yametetema, yakasuguana na kulika, ilhali mitambo haikuwa hata na miaka mitatu kazini. Kinu cha pili kilikuwa tayari kimesimamishwa kwa matengenezo. Havikuwashwa tena, na tarehe 7 Juni 2013 Edison ilitangaza kuvifunga moja kwa moja.

Nianze na fedha, kwa kuwa imani ya watu ilivunjikia hapo.

Machi 2013, miezi michache kabla ya tangazo hilo, rais wa tume ya California inayodhibiti bei za umeme na huduma nyingine za umma, Michael Peevey, alikutana na ofisa wa ngazi ya juu wa Edison katika hoteli ya Bristol mjini Warsaw, Poland. Kwenye karatasi za hoteli hiyo yakaandikwa mambo ya msingi kuhusu namna hasara ya kufungwa kwa kituo ingegawanywa. Mdhibiti alikuwa amekaa na anayedhibitiwa, nje ya nchi, bila upande wa walipa bili kuwapo wala kujua. Mwaka 2014 tume ikaidhinisha makubaliano: kati ya gharama za dola bilioni 4.7, walipa bili wabebe bilioni 3.3. Hizo ni gharama za uwekezaji uliopotea na za kununua umeme kwingine. Kazi ya kubomoa ina mfuko wake, nitaufikia.

Mkutano wa Warsaw ulijulikana mwaka 2015, baada ya wapelelezi kupekua nyumba ya Peevey na kuzikuta zile karatasi. Edison ilitozwa faini ya takriban dola milioni 16.7 kwa kutoripoti mazungumzo ya faragha kama kanuni zinavyotaka. Mwaka 2018 makubaliano yalifumuliwa na walipa bili wakapunguziwa dola milioni 775. Nasisitiza hilo kwa sababu wapo wanaosema usimamizi wa umma ni porojo za wanaharakati zinazochelewesha kazi. Hapa kuna kiasi cha fedha kinachohesabika, kilichorudi kwa wananchi kwa sababu tu watu walikataa kuacha kuuliza.

Sasa mpango wenyewe wa kukifunga. Watu wengi, hata wanaofuatilia nishati, hudhani kwamba kampuni haiwezi kuanza kuvunja kituo cha nyuklia mpaka serikali iidhinishe mpango wake. Marekani si hivyo. Mmiliki huwasilisha taarifa ya shughuli za baada ya kuzima kwa NRC, tume ya serikali kuu inayodhibiti nyuklia. NRC huichapisha, huitisha kikao cha wazi karibu na kituo na kupokea maoni. Haiidhinishi. Siku 90 zikipita bila NRC kuweka pingamizi, kazi kubwa zinaweza kuanza. Sheria inampa mmiliki hadi miaka 60 kumaliza. Edison iliwasilisha taarifa yake Septemba 2014, ikikadiria gharama ya dola bilioni 4.4, itakayolipwa na mfuko wa kubomoa, ambao sehemu kubwa ya fedha zake ilikwisha kukusanywa kwa miaka mingi kupitia bili za umeme.

Kwa hiyo mwananchi wa San Clemente, mji wa jirani, alikuwa na kikao, kipaza sauti na anwani ya kutuma maoni. Mamlaka ya kuuzuia mpango hakuwa nayo. Kampuni ilikuwa inaendesha kazi kwa fedha ambazo yeye mwenyewe alikatwa kwenye bili, kwa mpango ambao hakuna aliyelazimika kuuwekea sahihi. Hilo ndilo pengo ambalo mengine yote ya San Onofre yanalizunguka.

Ili kuliziba, Edison iliunda Jopo la Ushirikishwaji wa Jamii, lililoanza vikao vyake mwaka 2014. Lilikuwa na watu wapatao 18 wa kujitolea: viongozi wa kuchaguliwa wa miji ya karibu, wanataaluma, wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi, watu wa mazingira, mtu wa jeshi. Mwenyekiti wa miaka ya mwanzo alikuwa David Victor, profesa wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Lilikutana kila robo mwaka, hadharani, na vikao vikarushwa moja kwa moja mtandaoni.

Lazima nilitendee haki jopo hili. Halikuwa pambo. Liliwaleta wataalamu wa kutu na wa usafirishaji, likawalazimisha maofisa wa kampuni kueleza kwa lugha ya kawaida mitungi ya kuhifadhia fueli iliyotumika imetengenezwaje na itakaguliwaje, na kumbukumbu za vikao vyake ni shule nzuri kwa yeyote anayetaka kujua kazi hii. Lakini liliundwa na kampuni ile ile ambayo lingeiangalia. Wajumbe walichaguliwa na kampuni. Halikuwa na haki ya kudai nyaraka, halikuwa na mhandisi wake wa kumtuma ndani ya uzio, na halikuwa na kura iliyoweza kusimamisha lolote.

Udhaifu huo ulionekana kwenye swali la fueli. Vinu viwili vilikuwa vimeacha fueli nyingi kwenye mabwawa ya kupozea, na kila mtu, pamoja na wakosoaji wengi, alikubali kwamba kuihamishia kwenye hifadhi kavu, yaani mitungi iliyofungwa isiyo na maji, ni salama zaidi kuliko kuiacha majini. Ugomvi ulikuwa mahali na chombo. Edison ilichagua mfumo wa kampuni ya Holtec: mitungi ya chuma kisichoshika kutu yenye ukuta wa unene wa milimita 16, inayoshushwa mmoja mmoja ndani ya mashimo kwenye jukwaa kubwa la zege. Jukwaa liko mita 30 hivi kutoka ukuta wa bahari. Wakosoaji walisema chumvi ya baharini inaweza kupasua chuma cha aina hiyo polepole, na wakataka vyombo vizito vya ukuta mnene kama vinavyotumika Ujerumani. Edison ilijibu kwamba mfumo una leseni ya NRC na kwamba hatari hiyo inaweza kufuatiliwa.

Aliyeamua si jopo. Ni Tume ya Pwani ya California, chombo cha jimbo chenye mamlaka ya kisheria juu ya ujenzi wowote ufukweni, iliyotoa kibali cha miaka 20 Oktoba 2015. Kundi la wananchi likaenda mahakamani kupinga kibali hicho. Agosti 2017 wakafikia suluhu: Edison itafanya juhudi za kweli za kutafuta mahali pengine pa kuipeleka fueli na itatenga hadi dola milioni 4 kuwalipa wataalamu wa kazi hiyo. Tazama mahali nguvu ilipokuwa. Miaka mitatu ya vikao ilikuwa imetoa maelezo. Kesi moja ilitoa ahadi yenye saini na bajeti.

Uhamishaji kwenye mfumo wa Holtec ulianza mapema 2018. Hata kabla ya ajali kulikuwa na ishara: mwaka huo iligunduliwa bolti iliyolegea ndani ya mtungi mpya kabla haujajazwa, na ikajulikana kwamba Holtec ilikuwa imebadilisha muundo wa sehemu hiyo. Kazi ilisimama kwa siku kadhaa, ikaendelea.

Kisha ikaja Ijumaa, tarehe 3 Agosti 2018. Wafanyakazi walikuwa wakishusha mtungi uliojaa fueli, wenye uzito wa tani 45 hivi, ndani ya shimo lake. Karibu na mdomo wa shimo kuna pete ya chuma. Nafasi kati ya mtungi na pete ni finyu sana, na mwendeshaji wa mtambo hauoni mtungi kwa macho yake. Anategemea maelekezo ya wenzake. Mtungi ulikalia pete hiyo ukakwama. Mashine iliendelea kushusha, mikanda ya kunyanyulia ikalegea, na waliokuwa zamu wakaamini mtungi umefika chini. Haukuwa umefika. Ulikuwa umeegemea ukingo mwembamba wa chuma, mita tano na nusu juu ya sakafu ya shimo, bila mkanda wowote kuubeba. Aliyeshtuka ni mpimaji wa mionzi, ambaye vipimo vyake havikulingana na vya mtungi uliokwisha shuka. Mpaka wakaze mikanda na kuunyanyua, karibu saa nzima ilikuwa imepita.

Edison iliwadokezea NRC kwa njia isiyo rasmi Jumatatu iliyofuata. Umma haukuambiwa.

Tarehe 9 Agosti jopo lilikuwa na kikao chake cha kawaida. Ulipofika wakati wa maoni ya wananchi, alisimama mtu ambaye hakuwa mwanaharakati wala mkazi mwenye hasira. Alikuwa mfanyakazi wa usalama kazini katika mradi ule ule. Alisema kwamba huenda kesho yake asiwe na kazi, lakini alikuwa amemwahidi binti yake kwamba kama hakuna mwingine atakayesema kilichotokea Ijumaa, atasema yeye. Akaeleza mtungi ulivyokwama, akaeleza kwamba wafanyakazi ni wachache na mafunzo hayatoshi, na kwamba wenye uzoefu huhamishwa wakaingizwa wapya. Sina namna ya kusoma maelezo yale bila kumheshimu mtu huyo.

Fikiria sasa nafasi ya wajumbe wa jopo waliokuwa mezani. Kazi yao ilikuwa kuwa macho ya jamii, nao wakaipata habari kubwa kuliko zote za miaka yao minne sekunde ile ile walipoipata watazamaji wa mtandaoni. Hakuna kanuni iliyoilazimu kampuni kuwaambia mapema.

Baada ya hapo vyombo vyenye mamlaka viliamka. Kazi ilisimamishwa. NRC ilituma kikosi maalumu cha ukaguzi Septemba. Kikagundua kwamba tarehe 22 Julai, siku kumi na mbili tu kabla, mtungi mwingine ulikuwa umesumbua kushuka kwa namna inayofanana, na funzo lake halikuwafikia waliokuwa zamu tarehe 3 Agosti. Kikakuta mafunzo hafifu na taratibu zisizotosheleza. Kikakuta pia kwamba tukio la aina hiyo lilipaswa kuripotiwa rasmi ndani ya saa 24, na Edison iliwasilisha ripoti rasmi tarehe 14 Septemba, zaidi ya wiki tano baadaye. Machi 2019 NRC ikapendekeza faini ya dola 116,000. Edison ilishikilia kwamba hata kama mtungi ungeanguka, usingepasuka wala kuhatarisha umma. Tuseme ni kweli. Bado swali la nani alipaswa kujua, na lini, halijibiwi na uimara wa chuma.

Kazi ilianza tena Julai 2019, safari hii ikiwa na kamera, vipimo vya mzigo kwenye mikanda na mafunzo mapya. Mtungi wa 73 na wa mwisho wa vinu hivyo uliwekwa Agosti 2020. Pamoja na mitungi 50 ya mfumo wa zamani, pale ufukweni kuna mitungi 123 yenye takriban tani 1,600 za fueli. Mwezi mmoja kabla, Tume ya Pwani ilikuwa imepitisha mpango wa ukaguzi unaoitaka Edison kuikagua baadhi ya mitungi kwa roboti na kuwa na njia ya kuitengeneza ikianza kulika. Sharti hilo nalo lilitoka kwa chombo chenye kibali mkononi.

Wapo watakaosema kisa hiki kinathibitisha kwamba jopo la ushauri linafanya kazi, maana ukweli ulitokea kwenye kikao chake. Siafiki, ingawa naona wanachokiona. Kipaza sauti kilicho wazi kwa yeyote kina thamani, na kama jopo lisingekuwapo, mfanyakazi yule angelazimika kumtafuta mwandishi wa habari au kunyamaza. Lakini mfumo unaomtaka mtu mmoja aweke kazi yake rehani ndipo jamii ijue ni mfumo uliokwisha shindwa kabla hajasimama. Ushujaa wake ulifanya kazi ambayo kanuni ilipaswa kuifanya.

Tena si kwamba njia nyingine haijulikani. Vermont, kinu chake cha Vermont Yankee kilipokuwa kinafungwa mwaka 2014, ililiweka jopo lake la wananchi ndani ya sheria ya jimbo; kampuni haiwezi kulivunja ikilichoka. New York ilikwenda mbali zaidi kwa kituo cha Indian Point kando ya mto Hudson. Mwaka 2021, kabla Holtec haijakabidhiwa kituo ili ikivunje, jimbo lilikuwa limekwisha kuibana kwa makubaliano: mfuko wa kubomoa usishuke chini ya dola milioni 400 kwa miaka 10 ya kwanza, na kuwe na bodi ya uangalizi inayokutanisha idara za jimbo, viongozi wa mitaa, wafanyakazi na shule. Nguvu hiyo ilipatikana kwa sababu jimbo lilitumia wakati ambao kampuni ilihitaji kibali chake. Ukishasaini, huna cha kushika.

Ningekuwa mshauri wa mji ulio jirani na kituo kinachofungwa, nisingeanza kwa kuomba viti zaidi kwenye jopo. Ningedai kwamba taarifa yoyote ambayo kampuni inapaswa kumpa mdhibiti ndani ya saa 24, jopo liipate saa hiyo hiyo. Ningedai sehemu ndogo ya mfuko, ambao ni fedha za walipa bili hata hivyo, imlipe mhandisi anayewajibika kwa jopo na mwenye ruhusa ya kuingia eneo la kazi siku ya kazi. Vinu vinavyofanya kazi Marekani huwa na wakaguzi wa NRC wanaoshinda hapo kila siku. Vikishafungwa wakaguzi hao huondoka, kana kwamba hatari yote ilikuwa kwenye kuzalisha umeme. Na ningetaka ulinzi wa wafanyakazi wa makandarasi uandikwe ndani ya mkataba wa kubomoa wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaoona.

Sheria ya Marekani iliyosainiwa Januari 2019 iliiagiza NRC kuandaa ripoti kuhusu namna bora ya kuendesha majopo ya aina hii. Ripoti ilitoka 2020 na ina ushauri mzuri kuhusu uanachama na vikao. NRC inahimiza majopo. Hailazimishi kampuni kuyaunda, wala haiyapi mamlaka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili haliko mbali. Kenya imepanga kujenga kituo cha kwanza cha nyuklia. Uyombo, kaunti ya Kilifi, wavuvi na wakazi walipinga, na mwaka 2024 maandamano yao yalikabiliwa na polisi. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kwenye Ziwa Viktoria. Mjadala umekuwa wa ardhi, ajira na usalama wa kinu kikiwa kinawaka. Lingefaa kuulizwa sasa, kabla ya saini yoyote, nani atashika mfuko wa kukivunja na ni chombo gani cha wananchi kitakuwa na haki ya kisheria ya kuingia humo ndani miaka 60 ijayo.

Fueli ya San Onofre haikupaswa kuwa pale hadi leo. Kwa sheria ya mwaka 1982 na mikataba iliyofuata, serikali kuu ya Marekani ilijifunga kuanza kuchukua fueli iliyotumika kutoka kwa kampuni za umeme kufikia tarehe 31 Januari 1998. Hifadhi ya Yucca Mountain, Nevada, iliyoteuliwa mwaka 1987, ilisimamishwa wakati wa utawala wa Obama, na hakuna nyingine iliyofunguliwa. Kwa hiyo majengo yanavunjwa na mitungi inabaki. Kibali cha Tume ya Pwani kinaisha 2035. Hapo Edison itapaswa kurudi mbele ya tume hiyo na kueleza kwa nini mitungi iendelee kukaa mita 30 kutoka baharini au inakwenda wapi. Jopo la Ushirikishwaji wa Jamii liliundwa kwa hiari ya kampuni, na hakuna kifungu cha sheria kinacholihakikishia kuwapo siku hiyo.